Mtoto Aliyepoteza Mfupa wa Muundi: Namna Madaktari Wanavyoujenga Upya

Mfupa wa mtoto uliovunjika huunga haraka kuliko wa mtu mzima, na wazazi wengi wameliona hilo kwa macho yao: mtoto aliyeanguka kwenye mwembe hufungwa plasta, na baada ya wiki kadhaa anakimbia tena. Lakini ili mfupa uunge ni lazima ncha zake mbili ziwe zimekaribiana. Kipande kizima kinapokosekana, tuseme sentimita sita au nane za muundi, ncha hizo hazifikiani tena. Kila moja hujifunga kivyake, ikawa butu na ngumu, na katikati hujaa nyama ya kovu. Mguu hupinda mahali ambapo haukupaswa kupinda, mtoto hawezi kuukanyagia, na plasta haiwezi kuziba pengo hilo hata ikikaa mwaka mzima. Hapo ndipo unapohitajika upasuaji wa kuujenga mfupa upya. Njia za upasuaji huo ni nyingi kiasi kwamba mzazi anayepelekwa hospitali tatu anaweza kuelezwa mipango mitatu tofauti, na yote ikawa sahihi kwa namna yake.

Katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, sababu kubwa ya mapengo haya ni usaha unaoingia kwenye mfupa, maradhi ambayo madaktari huyaita osteomielaitisi. Ajali za pikipiki na magari nazo huuchana mguu na kupoteza vipande vya mfupa papo hapo, saratani ya mfupa humlazimisha daktari kukata sehemu nzima iliyoathirika, na wapo watoto wachache wanaozaliwa na muundi dhaifu unaovunjika na kukataa kuunga. Nitakaa zaidi kwenye usaha, kwa kuwa ndio unaowapata watoto wengi wa kwetu, na kwa kuwa katika maradhi haya pengo kubwa mara nyingi lingeweza kuzuiwa.

Maradhi huanza kimya. Bakteria, hasa wale wanaoitwa Staphylococcus aureus, huingia kwenye damu kupitia jipu au mchubuko mdogo, kisha hutua karibu na ncha ya mfupa mrefu, mahali ambapo damu hupita polepole. Watoto wenye selimundu wako hatarini zaidi, na kwao bakteria wa Salmonella nao huhusika mara kwa mara. Mtoto hupata homa kali, mguu huvimba, naye hukataa kuukanyagia. Akipata dawa sahihi katika siku za mwanzo, na usaha ukatolewa pale ulipokwisha kukusanyika, anaweza kupona kabisa. Akicheleweshwa, kwa sababu ilidhaniwa ni malaria, au mguu ulikandwa na kuchanjwa, au nauli ya kufika hospitali haikupatikana, usaha hupenya kutoka ndani hadi nje ya mfupa na kuubandua utando unaoufunika.

Utando huo ndio kiini cha habari yote hii. Kwa mtu mzima ni mwembamba na umenata. Kwa mtoto ni mnene, una damu nyingi, na una uwezo wa ajabu wa kutengeneza mfupa. Usaha unapoubandua, mfupa ulio chini yake hukosa damu kutoka nje, na kwa kuwa mishipa ya ndani nayo imezibwa na usaha, sehemu hiyo hufa. Hata hivyo utando uliobanduka, ukiwa bado hai, huanza kujenga mfupa mpya kuuzunguka ule uliokufa. Baada ya wiki na miezi, picha ya eksirei huonyesha mambo mawili kwa pamoja: katikati kipande cheupe, chenye kingo kali, kilichojitenga, ambacho ni mfupa mfu, na pembeni yake ganda jipya lisilo na umbo zuri lakini lililo hai. Mfupa mfu huwa makao ya bakteria, na dawa hazifiki humo kwa sababu hakuna damu ya kuzipeleka. Ndiyo maana mguu hutoa usaha kupitia tundu kwenye ngozi miezi na hata miaka, ukikauka kidogo kila mtoto anapomaliza vidonge na kufumuka tena baadaye. Kumnunulia mtoto huyu dozi ya kumi ya antibiotiki ni kumpotezea muda. Kipande kilichokufa lazima kitolewe kwa upasuaji.

Lakini kitolewe lini? Daktari mwenye haraka, akiona mfupa mfu kwenye picha, atatamani kuutoa mara moja. Akifanya hivyo kabla ganda jipya halijawa imara, mguu unabaki bila nguzo: mfupa mfu, ambao ulikuwa bado unashikilia urefu wa mguu na kuupa utando umbo la kujengea, umeondoka, na mpya haujawa tayari. Utando hujikunja, na pengo la sentimita kumi huzaliwa pale ambapo kusubiri kungeleta muundi mzima. Kanuni inayofundishwa ni kutazama picha mbili za eksirei, moja ya mbele na nyingine ya ubavuni, ambazo kwa pamoja huonyesha kuta nne za mfupa. Ganda jipya likishaonekana imara katika kuta tatu kati ya hizo nne, mfupa mfu unaweza kutolewa kwa usalama. Katika kipindi cha kusubiri, usaha hutolewa, mguu hulindwa kwa plasta, na mtoto hulishwa vizuri. Mzazi huona kama mwanawe ametelekezwa, na ni wajibu wa daktari kumweleza kwamba kusubiri huku ni sehemu ya tiba. Pale ambapo maambukizi yanahatarisha uhai wa mtoto, bila shaka, hakuna kungoja.

Madaktari wa hospitali ya Beit CURE huko Blantyre, Malawi, waliyagawa maradhi haya ya watoto katika makundi, na mgawanyo wao hutumika kupanga tiba. Kundi la kwanza ni la jipu lililofungika ndani ya mfupa, la pili lina mfupa mfu pamoja na ganda jipya, na la tatu ni la mfupa uliokuwa mgumu na mnene kupita kiasi. Ndani ya kundi la pili kinachoamua hatima ya mguu ni hali ya ganda. Likiwepo na likiwa imara, upasuaji ni wa kutoa tu kilichokufa. Lisipokuwepo, kwa sababu utando wenyewe uliharibiwa na usaha au na upasuaji wa mapema, mtoto anaingia katika kundi la wale wanaohitaji kujengewa mfupa.

Kabla ya kuchagua njia ya kujenga, kuna hesabu ambayo haipo kwa mgonjwa aliye mtu mzima, nayo ni ya ukuaji. Mifupa mirefu hurefuka kutokea kwenye mabamba ya gegedu yaliyo karibu na ncha zake, na mabamba hayo hayafanyi kazi sawa. Bamba lililo chini ya paja, juu ya goti, huongeza takriban milimita 9 hadi 10 kwa mwaka. Lile la juu ya muundi, chini ya goti, huongeza karibu milimita 6. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari, wasichana huacha kurefuka miguu wakiwa na miaka 14 hivi na wavulana 16. Mvulana wa miaka 6 ambaye usaha umemharibia bamba la juu la muundi atapoteza milimita 6 kila mwaka kwa miaka kumi, yaani sentimita 6, na hizo ni mbali na pengo lililopo leo. Daktari akiujenga mguu ukalingana na mwenzake siku ya upasuaji, halafu asiseme lolote kuhusu miaka hiyo kumi, amemficha mzazi nusu ya habari. Ndiyo maana mpango mzuri huandikwa kwa kutazama mguu utakavyokuwa mtoto akiwa na miaka 16. Mara nyingine mpango huo hukubali mguu mfupi kidogo kwa sasa, utakaosaidiwa na kiatu chenye soli iliyoongezwa, na kuacha urefushaji ufanyike baadaye, au kuusimamisha kwa wakati wake ukuaji wa mguu usio na ugonjwa ili miguu yote miwili iishie pamoja.

Sharti la pili ni kwamba maambukizi yawe yamekwisha na ngozi iwe imefunika. Muundi umelala moja kwa moja chini ya ngozi kwa upande wa mbele na wa ndani, bila nyama ya kuulinda, tofauti na paja lililozungukwa na misuli pande zote. Kuweka kipandikizi kwenye kitanda chenye usaha ni kukipoteza kipandikizi hicho, na mfupa wa kupandikiza kwa mtoto ni mali adimu. Kwa hiyo mara nyingi kuna upasuaji wa kwanza wa kusafisha, kisha wiki au miezi ya kungoja, na pengine upasuaji wa kuhamishia ngozi na nyama mahali palipo wazi.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Ile ninayoiona inastahili kutajwa mwanzo, kwa sababu haihitaji chombo cha gharama, ni ya kutumia fibula, yaani mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na muundi kwa upande wa nje wa mguu huohuo. Usaha unapoula muundi, fibula mara nyingi hubaki salama. Mwaka 1905 daktari wa Marekani aitwaye Thomas Huntington alichapisha habari za mvulana aliyepoteza sehemu ya muundi kwa maradhi ya mfupa, naye akamhamishia fibula yake mahali pa pengo. Daktari huikata fibula usawa wa pengo, huisogeza ndani hadi ikae chini ya kipande cha juu cha muundi, na kuichomeka ndani yake. Misuli na mishipa ya damu iliyoshikamana nayo haibanduliwi, na hilo ndilo jambo kubwa la upasuaji huu, kwa kuwa fibula huhama ikiwa hai. Ncha ya chini huhamishwa wakati huohuo, au baada ya miezi, ile ya juu ikishaunga.

Kinachofuata hakionekani siku ya kufungua plasta, bali katika picha za eksirei za miaka inayofuata. Mfupa mwembamba usiozidi unene wa kidole huanza kubeba uzito wa mwili, nao hujibu kwa kunenepa. Hatua kwa hatua, mtoto akitembea kwanza kwa plasta, kisha kwa magongo na kikanda cha kukinga mguu, fibula hupanuka hadi inakaribia unene wa muundi uliopotea. Katika kipindi hicho inaweza kuvunjika, na wazazi waambiwe mapema ili wasidhani kazi yote imeharibika: hufungwa plasta tena, huunga, na mara nyingi huunga ikiwa nene zaidi. Njia hii ina mipaka yake. Inahitaji fibula iliyo nzima, haiurudishi urefu uliokwisha kupotea, na kifundo cha mguu, ambacho fibula hukisimamia kwa nje, lazima kiangaliwe kisije kikapinda. Hata hivyo, kwa hospitali ya mkoa yenye daktari bingwa mmoja wa mifupa, sioni njia nyingine inayompa mtoto mguu wa kukanyagia kwa vifaa vichache kiasi hicho, na inasikitisha kwamba katika mikutano ya wataalamu mara nyingi huzungumzwa kama kitu cha makumbusho.

Njia ya pili ilizaliwa Kurgan, mji wa Siberia, ambako Gavriil Ilizarov, akiwahudumia majeruhi baada ya vita, alibuni katika miaka ya 1950 fremu ya pete za chuma zinazozunguka mguu na kushikwa kwenye mfupa kwa nyaya nyembamba zilizokazwa. Nje ya Umoja wa Kisovyeti hakujulikana sana, ingawa mwaka 1968 alimtibu Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjwavunjwa katika ajali ya pikipiki. Wazo la Ilizarov ni kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, bila kuuharibu utando wake, ukiachwa siku tano hadi saba na kisha ukavutwa polepole, hujaza mfupa mpya nyuma yake kadiri unavyosogea. Kwa mtoto mwenye pengo, daktari hukata muundi mahali penye afya, mbali na pengo na mbali na bamba la ukuaji, kisha kipande hicho husafirishwa ndani ya mguu kuelekea upande wa pili. Nyuma yake mfupa mpya unaota. Mbele yake pengo linapungua.

Mwendo wake ni milimita moja kwa siku, iliyogawanywa mara nne. Kila siku mama huchukua spana ndogo, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, na kuizungusha nati robo ya mzunguko, akiweka alama kwenye karatasi aliyopewa na muuguzi ili asirudie wala kuruka. Mtoto huizoea kazi hiyo upesi kuliko inavyodhaniwa, na wengine huomba waizungushe wenyewe. Kigumu ni matundu ya nyaya kwenye ngozi, ambayo lazima yasafishwe kwa maji safi na dawa kila yanapoanza kutoa uchafu, pamoja na mazoezi ya goti na kifundo, kwa sababu misuli inayovutwa hutaka kukunja viungo. Pengo la sentimita nane linahitaji siku themanini za kusogeza tu. Baada ya hapo fremu hubaki hadi mfupa mpya ukomae, na kwa kukadiria, kila sentimita humgharimu mtoto mwezi mmoja au zaidi ndani ya vyuma. Pale kipande kinapofika na kukutana na chenzake mara nyingi huhitajika upasuaji mdogo wa kuongeza mfupa ili paunge. Malipo ya subira hiyo ni kwamba njia hii huziba pengo, hunyoosha na hurefusha mguu kwa pamoja. Lakini familia inayoishi kilomita mia tatu kutoka hospitali isiandikiwe fremu bila kwanza kuulizwa italala wapi, maji yatatoka wapi, na nani atamwangalia mtoto.

Mfaransa Alain-Charles Masquelet alianza katika miaka ya 1980 kutumia njia nyingine, ya hatua mbili. Kwanza pengo hujazwa saruji ya mifupa, kwa kawaida iliyochanganywa na antibiotiki, na mwili huizungushia ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu. Baada ya wiki sita hadi nane ngozi hiyo hufunguliwa, saruji hutolewa, na nafasi yake hujazwa chembechembe za mfupa kutoka fupanyonga la mgonjwa mwenyewe. Kwa mtu mzima hufanya kazi vizuri. Kwa mtoto wa miaka minne ugumu ni kwamba sehemu kubwa ya ukingo wa fupanyonga lake bado ni gegedu, na mfupa unaopatikana hautoshi kujaza pengo refu.

Ipo pia njia ya kuichukua fibula ya mguu mwingine. Ikichukuliwa bila mishipa yake ya damu, inakuwa ni mfupa uliokufa ambao mwili lazima uuingie na kuujenga upya taratibu. Kazi yake inafanana na fito za nyumba ya udongo, ambazo hushika umbo ilhali ukuta wenyewe unajazwa baadaye. Kwa mapengo mafupi katika kitanda kizuri hutosha, na utando wa mfupa ukiachwa pale ilipotolewa, fibula ya mtoto inaweza kuota tena. Kwa mapengo marefu ni bora ichukuliwe pamoja na mshipa wake, uunganishwe na mishipa ya mahali papya chini ya hadubini, kama Ian Taylor na wenzake wa Melbourne walivyoripoti mwaka 1975. Upasuaji huo huchukua saa nyingi, hudai daktari aliyefundishwa kushona mishipa midogo sana, na hudai wauguzi wanaoweza kukesha wakikagua damu kama bado inapita. Kwenye mguu uliotoa fibula, sehemu ya chini karibu na kifundo huachwa, na kwa mtoto huunganishwa na muundi ili kifundo kisielekee nje anapokua.

Saratani inayotokea karibu na goti ina hesabu zake, kwani daktari lazima akate na mabamba ya ukuaji pia. Mojawapo ya majibu yake huwashtua watu wakilisikia mara ya kwanza: sehemu yenye uvimbe huondolewa pamoja na goti, kisha mguu wa chini hugeuzwa nyuzi 180 na kuunganishwa na paja, ili kifundo cha mguu kifanye kazi ya goti ndani ya mguu bandia. Sura yake ni ngumu kuizoea, lakini watoto hao hukimbia, na mara nyingi hawahitaji upasuaji mwingine wa mfupa kwa miaka mingi.

Kukata mguu nako ni tiba, na mzazi hapaswi kusikia neno hilo kama adhabu. Mguu usio na hisia kwenye wayo, au ambao baada ya upasuaji mwingi bado hautakanyagika, unaweza kumfunga mtoto kitandani miaka ileile ambayo angekuwa darasani akitembea kwa mguu bandia. Ikibidi, daktari wa watoto hupendelea kukata kwenye kiungo kuliko katikati ya mfupa, kwa sababu mfupa wa mtoto uliokatwa katikati huendelea kuota nchani na kutoboa ngozi ya kigutu, na upasuaji hurudiwa.

Huduma hizi zipo katika ukanda wetu, ingawa si zote kila mahali: Taasisi ya Mifupa Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, hospitali ya CURE huko Kijabe nchini Kenya, na CoRSU karibu na Entebbe nchini Uganda. Mzazi anayepelekwa huko abebe picha zote za eksirei, hata zile za zamani zilizofifia, kwa sababu daktari atataka kuona ganda jipya lilianza lini na limekuwaje tangu hapo. Aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: je, utando na fibula ya mtoto vimebaki salama, je, bamba la ukuaji limeguswa, na mguu unatarajiwa kuwa na upungufu wa sentimita ngapi mtoto akiacha kukua. Daktari anayeufahamu mguu huo ataweza kuyajibu akiwa na picha mkononi, na pale ambapo jibu litabadilika kadiri mtoto anavyokua, ataandika kwenye kadi tarehe ya kurudi kupimwa, mara moja au mbili kila mwaka, hadi mabamba yatakapofunga.